Muulize Shangazi Kengele: Ukinipita, Nisalimie

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41 na baiskeli nimejifunza mwezi uliopita. Jumamosi nilikuwa natoka Kibiti narudi Mkongo, vijana wa nguo za kubana wakanipita kwa kasi, karibu kabisa na kiwiko changu, bila hata salamu. Nikaishia kichakani. Nifanyeje?*
Mwenye Upupu, Mkongo

Marahaba, mwanangu. Kwanza usijikune. Paka majivu, kaa mbali na mkeo siku mbili, ndipo usome majibu yangu.

Umefanya la maana kuniandikia mimi, si wale washauri wa mjini ambao baiskeli wameiona imening'inizwa dukani. Mimi nimepanda Phoenix ya kiume, yenye bomba la katikati, nimejifunga kanga mbili na mtoto mgongoni, enzi ambazo ukitaka kwenda Kilwa ulisubiri pantoni pale Ndundu mpaka unga uliobeba ukaota wadudu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mita 970 zile nilizivuka bila kushika usukani. Mashahidi wapo watatu. Wawili wameshatangulia mbele ya haki, na wa tatu namdai, kwa hiyo msihangaike kumuuliza.

Sasa hao wenye kasi wasikutishe. Delta yetu ya Rufiji imeshammaliza mwenye kasi kuliko wao. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikwenda Unguja alfajiri ikaizamisha Pegasus ya Waingereza, ambayo ilikuwa imetia nanga inatengenezwa. Haikupiga hodi. Kisha ikarudi kujificha huku kwenye mikoko yetu, maana injini yake nayo ilikuwa mgonjwa. Ikakaa humo miezi na mbu wake. Waliokuja kuimaliza, Julai 1915, walikuwa vimeli viwili vya tumbo bapa, Severn na Mersey, ambavyo mwendo wao ulikuwa wa kusikitisha hata ikabidi vivutwe kwa kamba tangu Malta. Siku ya kwanza walishindwa. Baada ya siku tano wakarudi, na Königsberg ikalala ubavu kwenye tope la Rufiji. Wewe, mwanangu, ni Severn. Tumbo unalo tayari.

Ila nisikudanganye, salamu yao ina shida ya hesabu. Mtu anayekwenda kilomita 36 kwa saa anakata mita 10 kila sekunde. Akianza "shika" akiwa nyuma yako, "moo" inatua kwenye mkorosho wa mbele, na wewe marahaba yako unamrushia mtu ambaye ameshaingia kijiji kingine. Nimelifanyia utafiti jambo hili nikiwa nimekaa barazani na kahawa, na nimeamua: mwenye kasi anasamehewa shikamoo, hasamehewi hodi. Hodi ni fupi, na aipige akiwa mbali. Mimi nilipokuwa na kasi yangu nilikuwa napiga hodi na kuuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina, lakini si kila mtu kapewa mapafu.

Kuhusu kupitwa karibu: kule Ufaransa sheria inamtaka mwenye gari, akiwa nje ya mji, aache mita moja na nusu anapompita mwenye baiskeli. Watu wakasema, ah, Wazungu hao. Sasa chukua kanga yoyote ya mkeo, itandaze, uipime kwa urefu. Ni mita moja na nusu hiyo, kasoro au zaidi kidogo kutegemea na uaminifu wa mwenye duka. Bibi zetu walikuwa wamevaa sheria ya Ufaransa kiunoni na hakuna aliyewashukuru. Basi funga kanga kwenye ufito, ufito uufunge kwenye keria utokeze upande wa kulia, maana sisi tunakwenda kushoto na wanaokupita watapita kulia kwako. Chagua kanga yenye maneno makali. Atakayekuja karibu atataka kuyasoma, na kuyasoma itabidi apunguze mwendo.

Kanga ikishindikana, beba tenga la kambale wa juzi. Hakuna kijana wa nguo za kubana atakayekusogelea. Hata mkeo hatakusogelea, lakini kwa sababu ya upupu hiyo ulishaikubali.

Tiba ya tatu ni jogoo. Mfunge miguu, mkalishe kwenye usukani akitazama nyuma. Jogoo humwona mgeni kabla yako na hutoa taarifa. Nilimtumia wangu mpaka sikukuu ya Idi.

Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeandika haya ninayoyasema, ananikumbusha kwamba kijana kauliza afanyeje *yeye*. Haya. Shika usukani kama unavyoshika kifaranga, usiukamue. Nimewatazama wanaojifunza: vidole vimekuwa vyeupe, mabega yamepanda hadi masikioni, na macho yako kwenye tairi la mbele utafikiri litatoroka. Tazama mbele, hatua thelathini, pale unapotaka kufika. Ukiangalia kichaka utakwenda kichakani, na ushahidi unao mwilini. Kwenye mchanga wa njia ya Mloka usifunge breki ya mbele na usiache kupiga pedeli. Ukisikia watu nyuma yako, usigeuke. Endelea na mstari wako ulionyooka, wao ndio wakuzunguke.

Wala usitegemee nikwambie haraka haraka haina baraka. Kamuulize mwenye samaki wabichi kama haraka haina baraka. Na yule aliyetunga kwamba mwenda pole hajikwai hakuwahi kupanda baiskeli, kwa sababu baiskeli ukienda pole sana ndipo unapoanguka.

*Shangazi, sisi ni kundi la watu kumi na wawili, tunatoka Dar wikendi kuja kufanya mazoezi huko kwenu. Wanaojifunza wanatuyumbia mbele, wengine wanajichomeka katikati ya msafara bila kuomba. Tuwafanyeje?*
Kapteni, Mbagala

Kapteni wa nini? Makapteni wako Nyamisati, wanavusha watu kwenda Mafia.

Mnadhani msafara wa baiskeli mmeuleta nyinyi. Kabla ya adhana ya alfajiri simama barabarani hapa Mkongo uone wachuuzi wa samaki wanaotoka mabwawani, Ruwe na Zumbi huko. Matenga mawili kila baiskeli, yamekazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu mpaka keria inalia. Hawana kofia za plastiki. Wanakwenda mmoja nyuma ya mwenzake, karibu karibu, kwa sababu wa mbele ndiye anayeukata upepo na wa nyuma anapumzika, halafu wanabadilishana. Wa mbele akiona shimo ananyoosha mkono chini, anaita "shimo!", na neno linapokezwa mpaka kwa wa mwisho. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na mjukuu akanionyesha kwenye simu. Nikawaona mabingwa wa Ulaya wanaonyeshana mashimo kwa mkono. Niliwaambia wote waliokuwa barazani: hayo ya Ruwe. Na Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 akarudi na jezi ya kijani, mkao wake juu ya kiti ni wangu mtupu. Sidai kitu. Nasema tu.

Nilishawahi kwenda na wachuuzi hao kutoka hapa hadi Kibiti nikiwa nimebeba gunia la mpunga, na katikati ya safari wakaniomba nipunguze mwendo. Mjukuu, usitabasamu, andika.

Sasa, Kapteni. Anayejifunza hayumbi kwa ukorofi. Baiskeli haisimami yenyewe, inasimamishwa na usukani: ikiinamia kulia unaukata kulia kidogo, ikiinamia kushoto vivyo hivyo. Mwenye kasi anakata kwa unywele, hata yeye hajui. Mwenye kwenda polepole lazima akate sana, ndiyo hayo mnayoyaita kuyumba. Nyinyi mnamfikia mgongoni, watu kumi na wawili, ndipo mnapiga kengele au kumkemea. Anashtuka, anageuza shingo, bega linafuata shingo, mkono unafuata bega, usukani unafuata mkono, na mtu yuko kwenye upupu. Pigeni kengele mkiwa mbali, mara mbili, kwa upole. Semeni mko wangapi, maana akishampisha wa kwanza atadhani imekwisha na atarudi katikati ya njia kwa wa tano. Na mkiwa mmetanda wawili wawili, jipangeni mmoja mmoja kabla ya kumpita.

Anayejichomeka kundini ni kesi nyingine, hapo nipo upande wenu. Akaribishwe, apelekwe mwisho kabisa wa mstari, aambiwe jambo moja tu: tairi lake la mbele lisiingie ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzake. Matairi yakigusana hivyo, wa mbele hutikisika akaendelea na wa nyuma hula vumbi. Nimeliona kwa macho yangu. Kwa kweli nimeliona kwa karibu zaidi ya macho, ila kovu liko mahali ambapo siwezi kulionyesha gazetini. Na mgeni akiwa nyuma yenu, wa mbele msifunge breki ghafla. Mkitaka kusimama, semeni.

Kama bado mnaona wanawachelewesha, njooni Jumatatu alfajiri, mfuatane na wenye samaki. Nitakaa barazani na kahawa.

*Shangazi, mume wangu kanunua baiskeli ya mashindano na siku hizi hanisemeshi.*
Mpweke, Kibiti

Ficha pampu.

Barua zimebaki nne, lakini kivuko cha Utete hicho kinapakia na sitaki kusubiri zamu ya pili na jua hili. Kuna aliyeuliza kengele nzuri inapatikana wapi. Yangu ilichomoka mwaka juzi kwenye tuta na sijanunua nyingine, kwa jina langu hili sidhani kama kuna haja. Mjukuu, kunja karatasi, sukuma baiskeli. Wewe mzee wa madumu, hodi! Hodi nasema! Usigeuke, usigeuke, usi—