Sifa za Kutu, Mlezi wa Kombi Kuukuu

Ushairi wa Kiswahili umeusifu mnazi, kuti kwa shina. Umeusifu uta wa Liyongo, ukasifu majahazi, ukasifu warembo hadi kucha zao. Kutu haikupata hata ubeti mmoja. Ikitajwa, inatajwa na mwenye nyumba wa Mombasa anayehesabu mabati ya kubadilisha, au na nahodha anayekwangua nanga huku akitukana. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Leo nasimama kuitetea, itifaki ikiwa imezingatiwa, na ushahidi wangu nitautoa mahali ambako kazi za kutu zimetukuka kuliko pengine popote: kwenye bodi za Kombi za kulala ndani, zile nyumba za magurudumu za Volkswagen ambazo Wajerumani na Waingereza huzifufua kwenye gereji za nyumbani kwao.

Huku kwetu Kombi tunaikumbuka kama gari la watalii: paa limefunguliwa, shingo zimechomoza, kamera zimeelekezwa kwa simba asiyejali. Kwa wenzetu ilibeba ndoto nyingine. Mwaka 1947 Ben Pon, muuza magari wa Uholanzi, alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu, dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa. Mwaka 1950 masanduku hayo yakaanza kutoka kiwandani Wolfsburg yakiwa na injini ya nguvu za farasi 25, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia, ya mji wa Wiedenbrück, ikaanza kuyatengenezea vitanda na makabati. Baadaye likaja paa la kuinuka lenye turubai, likaja jiko la gesi, likaja sinki la maji ya kupampu. Ahadi ilieleweka hata kwa mtoto: lala utakapo, amka utakapo, hoteli waachie wenye haraka. Jambo moja halikuandikwa kwenye tangazo. Nyumba hiyo ilijengwa kwa bati jembamba, na ndani ya mbavu zake mlikuwa na mashimo ambayo rangi haikuyafikia sawasawa. Kutu ilipewa chumba chake kabla mwenye gari hajapewa chake.

Tazama kwanza adabu za mpangaji huyu. Haombi mafuta, hajui sikukuu, hachagui jirani. Anahitaji chuma, maji na hewa, basi. Akiongezewa chumvi hushukuru kwa kuharakisha kazi, maana kutu ni shughuli ya umeme mdogo unaotembea ndani ya unyevu, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa urahisi zaidi. Aluminiamu ni bahili: hewa ikiigusa hujivika ganda gumu na kufunga mlango. Chuma kina ukarimu wa Kiswahili. Ganda lake huvimba, hubanduka, na kumkaribisha mgeni kwenye chuma kipya cha ndani. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo sababu ikijipenyeza kati ya mabati mawili yaliyochomelewa pamoja, huyatanua mpaka mshono ufumuke. Nitajieni mpangaji mwingine anayekula kuta na hapo hapo kuongeza ukubwa wa nyumba.

Waingereza waliuona mchango huu mapema wakaamua kuusaidia. Kila majira ya baridi malori ya halmashauri hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Mkazi wa Kilindini au Forodhani huletewa chumvi yake na upepo wa bahari bila kudaiwa senti. Wenzetu huilipia kodi.

Kutu pia ni mwalimu, na somo lake halifundishwi chuo chochote. Mtu hununua Kombi akijua usukani, kitanda na mapazia yake ya mistari. Baada ya masika mawili anajua mengine. Anajua kwamba chini ya milango kuna kizingiti cha nje, nyuma yake kuna cha kati, na nyuma ya hicho kuna cha ndani, na kwamba vyote vitatu huoza kwa mshikamano. Anajua mfereji wa mvua unaozunguka paa, trei ya betri ambako mvuke wa asidi huisaidia kutu kazi, sehemu za kuwekea jeki ambazo zikiinuliwa hupanda peke yake na kuliacha gari chini. Anajua sakafu iliyo chini ya miguu ya dereva, na raba ya kioo cha mbele ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia maji na sasa inayahifadhi. Kifaa cha kufundishia ni bisibisi. Unaisukuma kwenye bati: ikigonga na kusimama, endelea mbele, ikizama, darasa limeanza. Tundu linaloonekana nje kama shilingi huwa upana wa sinia kwa ndani, kwa kuwa mwalimu huyu huanza kazi mahali pasipoonekana na kutoa matokeo mwishoni.

Na ukweli wake je? Katika biashara nzima ya Kombi kuukuu, kutu ndiyo pekee isiyosema uongo. Muuzaji anasema gari limefanyiwa kila kitu. Rangi mpya inamuunga mkono. Puti inanyamaza. Mnunuzi mwenye hekima hutembea na sumaku mfukoni, kwa sababu sumaku haishiki penye puti nene, lakini wenye hekima ni wachache na Kombi ya samawati ina uso wa kutabasamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua: mvua za kwanza zikipita, malengelenge yanainuka chini ya rangi, moja karibu na taa, mawili juu ya gurudumu, na ukweli wote unatoka. Mafundi wanaokata vidonda hivyo hukuta maandishi ya waliotangulia: bati la kopo lililopigwa ribiti, wavu wa banda la kuku uliokandikwa puti, gazeti lililokunjwa na kusindikwa shimoni. Bila kutu, nani angetuhifadhia kumbukumbu za ufundi huo?

Hata dola zimelazimika kuitambua. Katika ukaguzi wa magari wa Uingereza, kutu iliyokithiri ndani ya sentimita 30 za mahali mkanda wa kiti au springi vinapofungwa hulifelisha gari. Huo ndio mpaka wa heshima, na kutu huujua kuliko mkaguzi, kwa maana hupendelea kukaa palepale. Tangu mwaka 2018 gari lililopita miaka 40 bila kubadilishwa sana limesamehewa ukaguzi huo wa kila mwaka. Serikali imeona ni adabu kumwachia mzee maradhi yake. Ujerumani nayo, tangu 1997, hutoa namba maalumu yenye herufi H kwa magari yaliyotimiza miaka 30 na kutunzwa vizuri. Kutu haialikwi kwenye sherehe hiyo, lakini ndiyo iliyochagua wa kualikwa.

Hapa tunafika kwenye uchumi, uwanja ambao wema wa kutu haujapata kushukuriwa. Kombi hazikuwa adimu. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na Brazili iliendelea kuziunda hadi Desemba 2013, ilipozuiwa na sheria ya kutaka mifuko ya hewa na breki zisizojifunga. Kama zote zingebaki hai, leo zingeuzwa kwa bei ya daladala iliyochoka. Kila mkulima wa mahindi anajua mavuno yakifurika bei inakwenda wapi. Kutu ikaingia shambani kwa niaba ya wenye magari, ikapunguza, ikapunguza tena, mpaka Kombi ya miaka ya 60 yenye madirisha 23 ikauzwa kwenye mnada Marekani kwa zaidi ya dola 200,000. Mwenye gari hujisifu kwamba alikuwa na jicho la biashara. Alikuwa na mshirika aliyekula mali ya washindani wake wote.

Mshirika huyo ameajiri watu wasiohesabika: wanaokunja bati jipya la vizingiti, wanaouza asidi ya fosfori ya kutuliza kutu, wanaopuliza mchanga wa kusafisha bodi, wanaopika nta ya kunyunyiza ndani ya mbavu za gari. Ameajiri hata jangwa. California na Arizona, ambako hewa ni kavu, zimekuwa ghala la wanunuzi wa Ulaya wanaotafuta bodi nzima. Bodi inafika nzima kweli. Ila jua limekausha raba, limepasua dashibodi na kuyageuza mapazia kuwa vumbi. Kutu angalau ina staha ya kula chini ya gari, mbali na macho ya wageni.

Wapo watakaosema Kombi ina adui mkubwa kuliko kutu, yaani moto, nami nawaitikia. Injini nyingi za Kombi zina kasha la aloi ya magnesiamu, madini yasiyojua kutu ni nini. Sifa kubwa, mpaka siku mpira wa petroli uliozeeka unapovuja juu ya injini yenye moto. Magnesiamu ikishika huwaka kwa mwanga mweupe na maji huichochea badala ya kuizima. Kutu haijamuunguza mtu. Hutoa taarifa ya miaka, kwa maandishi ya rangi ya chungwa.

Sifa yake kuu nimeiweka mwisho kwa sababu wengi wataikana. Kombi haina chesisi ya pekee kama Land Rover ya zamani, ambayo unaweza kuivua bodi ukaiweka kando. Bodi na mifupa vimechomelewa pamoja, na kizingiti kilichooza ni sehemu ya uti wa mgongo. Ukikikata bila kufunga nondo za kushikilia tundu la mlango, gari linalegea kiunoni, na mlango wa kuteleza uliokuwa ukifunga vizuri wakati wa ugonjwa unakataa kufunga baada ya kupona. Kwa hiyo fundi hushughulikia upande mmoja kwanza. Anapima, anashikiza bati jipya kwa vidoti vya moto, anafungua mlango, anafunga, anapima tena, ndipo achomelee kabisa. Na hapo anagundua kwamba bati la zamani analotaka kuchomelea jipya nalo ni karatasi. Anakata zaidi ili afike penye chuma king'aacho. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye Kombi hufika hatua ambayo wahenga hawakuitaja: anajenga ukuta, kisha anagundua msingi ulishaondoka.

Mtazame sasa mtu huyo. Alinunua gari akimbie kazi. Leo anatoka kazini saa kumi na moja, anavaa ovaroli, anajilaza chali kwenye sakafu ya saruji, na cheche za grinda zinamwingia shingoni mpaka usiku mwingi. Simu inaita haisikii. Mkubwa wake wa kazi hampati, ndugu wanaotaka kukopa hawampati, na chakula huletewa mlangoni kama mgonjwa. Ana taa, ana chai kwenye chupa, amelala nje ya nyumba yake. Muulize kama ana shida, atakujibu akitabasamu kwamba bado kidogo tu. Kila kilichoahidiwa kwenye tangazo amekipata, kuwa mbali na watu na kutojua atafika lini, bila kusogea hata mita moja. Westfalia waliuza safari. Kutu ndiyo iliyoitoa.

Asiyeamini amtazame aliyemaliza. Huyo amekwangua kila kona, amepiga praima, amepaka rangi mbili kama siku ya kiwandani, amejaza nta kwenye kila ubavu. Gari linang'aa. Sasa anatazama wingu na kuahirisha. Anasikia barabara zimemwagwa chumvi na kufunga mlango wa gereji kwa kufuli. Amenunua kipima unyevu. Likizo anakwenda kwa ndege, na huko hotelini huwaonyesha wenzake picha za gari lake. Jirani yake, ambaye vizingiti vyake vimetoboka na ambaye huweka beseni chini ya tone la paa, alikwishafika Cornwall mara kadhaa, akalala ufukweni mvua ikinyesha, akarudi na tundu jipya asilolijali. Hana cha kupoteza, kwa hiyo anakwenda.

Basi msomaji, ukionyeshwa Kombi ya mwaka 1971 isiyo na hata doa la kutu, msifu mwenye nayo, maana jasho lake si la mchezo. Kisha muulize imefika wapi. Akikujibu kwamba imefika kwenye maonyesho mawili, ikibebwa juu ya trela, mpe pole ya heshima. Na ukitaka kununua gari la kusafiria, usibaki hapo: vuka barabara, ukazungumze na yule mwenye beseni.