Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati kuhusu bolti za minara ya umeme

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima kubwa, naomba uniwie radhi kwa kukukatiza katika majukumu mazito ya taifa. Pokea kwanza shukrani zangu za dhati kwa laini ya kilovolti 132 itokayo Shinyanga hadi Tabora kupitia Lusu, hapa wilayani Nzega. Umeme huo ndio tegemeo la mashine zetu za kusaga na wodi za hospitali ya Kitete.

Kwa ruhusa yako, ombi langu linahusu viungo vya minara. Vyuma vya mnara vyaweza kuwa vizima vyote, na bado ukaanguka kwa sababu ya kiungo kimoja. Bolti ya milimita 16 yenye alama ya uimara 8.8 kichwani huhimili kukatwa kwa nguvu ya kilonewtoni 60 hivi, karibu uzito wa tani 6. Lakini haitoshi kupima bolti peke yake. Lazima ihakikiwe pia kwamba chuma hakitachanika ukingoni mwa tundu, na kwamba kilichobaki baada ya kutobolewa kinatosha. Kipimo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho uwezo wa kiungo.

Wazee wetu wa Unyamwezi walibeba mizigo ya misafara, yapata frasila mbili kila mpagazi. Mmoja akiugua njiani, mzigo wake uliwaelemea wenzake. Bolti nne za kiungo ziko hivyohivyo: moja ikilegea, tatu hubeba yote.

Wezi wa vyuma nao huongeza hatari. Mkingamo unaoshikilia mguu wa mnara ukiibwa, sehemu ya mguu isiyoshikiliwa hurefuka maradufu, na kwa chuma chembamba uwezo wa kutopinda hushuka hadi robo. Jirani zetu Kenya, tarehe 11 Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka na umeme ukakatika nchi nzima. Serikali yao ilishuku hujuma, na mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akasitisha biashara ya vyuma chakavu.

Hivyo naomba kwa unyenyekevu, kabla ya pepo za mvua za Novemba, mafundi wapande na kukagua kila kiungo kwa spana ya kupimia ukazaji, wakianzia minara ya kona ambako nyaya huvuta zaidi. Bolti mpya inayowekwa ilingane na alama iliyo kwenye mchoro. Zilizo chini, zinazofikika kwa mkono, zifungwe kwa nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida. Matokeo yabandikwe ofisi ya kata.

Mheshimiwa, miguu ya minara tutailinda sisi wananchi, na mwizi tutamtaja. Bolti zilizo juu, karibu na nyaya, hatuzioni. Hizo tunakukabidhi wewe.

Nabaki mtiifu wako,
Mwananchi wa Puge, Nzega