Mia Tano na Arobaini Zinatosha

Mwongozo huu ni wa kijana wa Likasi aliyenunua mashine ya mtumba baada ya kuambiwa na muuzaji, "Iko nakamata majeu yote," yaani inacheza michezo yote ya kompyuta. Alipofika nyumbani akagundua kwamba kweli inakamata, ila ikishakamata haiachii.

Hatua ya kwanza ni kuikana 1080, hadharani ikiwezekana. Najua inauma. Kioo cha 1920×1080 kina pikseli 2,073,600, na kadi ya picha iliyofichwa ndani ya prosesa, isiyo hata na memori yake yenyewe, inatakiwa izichore zote upya mara 30 au 60 kila sekunde huku ikiombaomba nafasi kwenye RAM. Hata hivyo utamkuta kijana ameweka 1080, vivuli juu kabisa, maji yanang'aa, amekaa kifua mbele na manete ya kuchezea mkononi, na mbele yake picha zinapita moja moja. Mwulize anafanya nini, atakutajia jina la mchezo. Uongo. Anatazama albamu ya harusi.

Kama hujaelewa ubaya wa fremu chache, yaani picha chache kwa sekunde, mkumbuke Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe, mwaka 2010, alivyokuwa akishangilia mabao kwa kurukaruka na makalio uwanjani. Kwa fremu 60 kwa sekunde unahesabu kila mruko. Kwa 30 bado unacheka. Kwa 8, kipa yuko golini, halafu ghafla yuko nje ya kumi na nane, na hakuna shahidi wa namna alivyofika. Nyasi umeziona jani kwa jani, dansi hukuiona. Na kwenye baadhi ya matoleo ya PES, mchezo wa soka wa kompyuta, mambo ni mabaya zaidi, kwa maana mashine ikizidiwa mchezo wenyewe unapunguza mwendo. Mechi ya dakika kumi inakula ishirini, na mpinzani wako anapata muda wa kwenda kununua maandazi kati ya krosi na kichwa.

Hatua ya pili ni kuchagua namba, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Fungua mchezo wa zamani, utapewa 640×480, 800×600 na 1024×768, vipimo vya vile vioo vinene vya zamani. Ukiviweka kwenye kioo kipana na kukiruhusu kivitanue, winga wako mwembamba ananenepa hadi unatamani kumtoa kabla ya mapumziko. Wapo waliozoea, na wanaapa kwamba mpira ni yai tangu zamani. Waache.

Namba pana za maskini zipo, na kila mwenye mashine dhaifu azijue kwa kichwa: 1280×720, 1024×576, 960×540, 854×480, 640×360. Mimi ni wa 960×540, na nitaitetea mbele ya baraza lolote. Ni nusu ya 1080 kwa upana na nusu kwa urefu, kwa hiyo pikseli ni robo tu: 518,400. Uzuri wake zaidi ni kwamba inagawanyika bila baki. Pikseli moja ya mchezo inakalia nne za kioo, hakuna kugombania mpaka. 640×360 nayo inagawanyika, kila pikseli ikikalia tisa, ila hapo tayari umeanza kutambua wachezaji kwa rangi ya jezi na kwa imani. Draiva za zamani zitapaka ukungu hata kwenye mgawanyo safi, lakini ni ukungu ulioenea sawasawa, na jicho linauzoea kabla ya kipindi cha pili.

Mwenye kioo cha 1366×768, na ndicho kilichojaa kwenye mashine za mtumba, pole. Nusu yake ni 683×384, namba ambayo michezo michache sana imewahi kuisikia. Ukiweka 1280×720 picha inatanuliwa kama asilimia 7 hivi, kiasi cha kutosha tu kuziharibu herufi. Weka hiyo hiyo, usogeze kiti nyuma.

Namba unayoitaka isipokuwepo kwenye orodha, usikate tamaa na usimpe fundi pesa. Michezo mingi huweka mipangilio yake kwenye faili la maandishi matupu. Lifungue, tafuta upana na urefu, andika zako, hifadhi, kisha lifunge lisiweze kuandikwa tena, maana mchezo una kiburi cha kurudisha mambo kama yalivyokuwa. Kwenye mipangilio ya kadi ya picha nako, agiza uwiano wa picha uhifadhiwe.

Sasa aibu. Marafiki watacheka, na binamu atashuka kutoka Lubumbashi na mashine mpya yenye taa za rangi kwenye kibodi. Jiandae kwa historia. Halo 3 ya mwaka 2007, mchezo uliouzwa kama fahari ya Xbox 360, ulichorwa kwa 1152×640, na waliouunda, Bungie, walikiri wenyewe. Call of Duty 4 ya mwaka huo huo ilikuwa 1024×600 kwenye mashine za sebuleni. Wamarekani walikaa mbele ya televisheni kubwa wakitanuliwa pikseli na wasijue. Kisha mwulize binamu kwa adabu: "Yaya, DLSS umeiwasha?" Hiyo ni teknolojia ya Nvidia iliyokuja na kadi zao za RTX mwaka 2018. Akijibu kwamba ndiyo, kwenye kiwango cha Performance, mkaribishe nyumbani, kwa sababu kioo chake cha 1080 kinachorewa kwa 960×540 ile ile, halafu programu inakisia pikseli zilizobaki. Tofauti yenu ni kwamba yeye amelipia ukungu wake ufutwe.

Kuna mashine hata hivyo ambazo dawa hii haiziponyi, na ni ujinga kuendelea kuzinywesha. Kipimo ni rahisi: shuka hadi 640×360. Fremu zikiongezeka, tatizo lilikuwa kadi ya picha. Zisipotikisika, aliyechoka ni prosesa, na ukishusha zaidi utakuwa unajitesa macho bure. Punguza idadi ya magari barabarani na watazamaji uwanjani, mambo ambayo prosesa ndiyo inayoyabeba. Mchezo ukianza vizuri na kufa baada ya robo saa, ni joto. Fungua mashine utoe vumbi jekundu la kiangazi lililofanya matofali kwenye feni. Na kama ina kipande kimoja cha RAM, ongeza cha pili kinacholingana nacho. Kadi ya picha ya ndani inaishi kwa kuazima memori, na njia mbili zinampa mkopaji zaidi ya njia moja.

Umeme nao una maoni yake. Maporomoko ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, yanazungusha mitambo tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, na yalifungwa mitambo hiyo kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya ligi yako. Viwanda vya shaba vya Shituru viko mbele yako kwenye foleni. Delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikifika, mashine inahamia kwenye betri na papo hapo inajipunguzia kasi ili kubana matumizi, hivyo hata 540 inaanza kukwama. Betri yenyewe, ambayo kobalti yake huenda ilipita hapa hapa mjini juu ya lori ikiwa bado udongo, inakupa dakika chache kabla ya kuzima. Usizitumie kusaka sare. Hifadhi kwanza, ndipo ubishane kuhusu penalti.