Hatua za Mbuzi

(Barazani, Kilwa Masoko, alasiri. Mwenye nyumba kajilaza mkekani.)

SIMU: Ting! "Mpendwa, umekaa saa tatu. Inuka utembee!"

KANDAMBILI: Nani kamkalisha? Tangu adhuhuri unamwonyesha mikeka ya kubeti, sasa ndiyo umeliona tumbo lake?

SIMU: Shikamoo, bibi. Mimi natumwa tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki.

KANDAMBILI: Marahaba. Na hatua 10,000 unazomdai kila siku, nazo zao?

SIMU: Hizo... zilitoka Japani, mwaka 1965. Kampuni ilikuwa inauza kipima-hatua.

KANDAMBILI: Kumbe tangazo la biashara! Na jana ukampongeza kwa hatua 9,000, nami sikuvuka kizingiti.

SIMU: Alinifunga shingoni mwa mbuzi.

KANDAMBILI: Mbuzi! Hongera zake basi. Presha yake inaendeleaje?

SIMU: Bibi, tafiti zinaonyesha ujumbe huongeza hatua kidogo.

KANDAMBILI: Kidogo, tena kwa wenye simu janja. Na wasio nayo? Yule mjusi wa kale wa Tendaguru, dinosaria, alifikaje bandarini Lindi? Kuanzia 1909 hadi 1913 wapagazi walibeba mifupa ile kwa miguu, vichwani na mabegani, tani zaidi ya 200. Leo mjusi kasimama Berlin anapigwa picha. Wapagazi nani aliwahesabia hatua? Na yule mama aliyepita sasa hivi, katoka kuchokoa pweza, ndoo kichwani, yumo kwenye orodha yako?

SIMU: Hana programu.

KANDAMBILI: Kwa hiyo hatembei! Msitufanye wajinga. Mnamhimiza mtu atembee, njia ya miguu hamkumjengea. Akishika ukingo wa lami, bodaboda inamtupa mtaroni. Miti ya kivuli mmekata, halafu saa nane mchana mnampigia kengele! Hela ya semina ipo, ya kupanda mwarobaini mmoja haipo?

SIMU: Lakini kuna Jumamosi ya pili ya kila mwezi, siku ya mazoezi. Mama Samia aliitangaza mwaka 2016, akiwa Makamu wa Rais. Kesho ndiyo yenyewe, nimeshamkumbusha.

KANDAMBILI: Kasemaje?

SIMU: Kaagiza bodaboda impeleke uwanjani.

KANDAMBILI: Na mbuzi?

SIMU: Atapakiwa nyuma.