Bahari Tatu, Ukoo Mmoja

Kuna shida ambazo huwezi kumlilia mtu. Nenda kamwambie jirani ambaye mwanawe bado anasubiri mkopo wa chuo kwamba wewe usiku hulali, kisa vyuo vikuu vitatu vya ng'ambo vimekukubalia kusoma shahada ya uzamivu, vyote vinalipa, na hujui ukikatae kipi. Atakutazama kama mtu anayelalamika kwamba biriani imezidi nyama.

Kwa hiyo nikanyamaza. Nia yangu ilikuwa nichapishe zile barua, nizipange mezani, niamue kimya kimya kabla ya tarehe 15 Aprili, maana vyuo vingi vya Marekani vina makubaliano kwamba aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Tatizo ni kijana wa duka la fotokopi. Yule husoma kila anachokichapisha, tena kwa sauti. Magharibi haijaadhiniwa, nusu ya kijiji ilikuwa inaijua posho ya Marekani, imeshageuzwa shilingi na kuzidishwa kwa miaka mitano. Hakuna aliyetoa pango la nyumba wala kodi. Binamu yangu mmoja aliniuliza mashine ya boti nitaituma mwaka wa kwanza au wa pili.

Ikaitishwa kikao. Mwenyekiti ni Ami, kama kawaida. Kwetu hata paka akizaa Ami ndiye anayefungua mkutano. Shangazi alikuwepo kusimamia umri wangu. Mama alikaa pembeni kwenye mkeka akikata taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, na ungedhani hasikilizi.

Mwani ndio uliotufikisha hapo. Zao hili lilianza kulimwa pwani yetu ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani wenye bei nzuri ni kotonii, na kotonii siku hizi inakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu yamezidi joto. Spinosamu inavumilia, lakini bei yake haikupeleki mbali. Ukisema kotonii ihamishiwe maji ya kina, utahitaji boti na utahitaji kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufunzwa kuogelea. Mimi nataka kutafiti nini kifanyike hapo katikati. Niliyaeleza haya vizuri tu, Ami akasema, "Tumekufahamu. Soma barua."

Nikaanza na Marekani, jimbo la Iowa.

"Bahari iko mbali kiasi gani?" akauliza Ami.

"Zaidi ya kilomita elfu moja."

Pakawa kimya. "Sasa huo mwani unaota wapi?"

"Kwenye matangi, Ami. Ndani ya maabara. Wanachunguza vinasaba vyake."

Mama akainua uso kwa mara ya kwanza. "Na bamvua lini huko?"

Iowa hakuna bamvua. Mama akarudi kwenye taitai zake. Ilikuwa si haki, kwa sababu maabara ile ndiyo iliyokuwa na vifaa kuliko zote, na profesa wake ni mcheshi anayejibu barua pepe kabla hujafunga kompyuta. Lakini nilipotaja kwamba miaka miwili ya mwanzo ni ya kukaa darasani, kisha kuna mtihani wa kuruhusiwa kuendelea na utafiti, Shangazi alianza kuhesabu kwa vidole. Alipofika mwaka wa tano akavikunja vyote akaniuliza, "Na kuolewa?"

Ufini ni miaka minne. Bahari ipo, ila ni Baltiki, na Baltiki ya upande ule ina chumvi gramu tano au sita kwa kilo ya maji, ambapo yetu ina kama thelathini na tano. "Hiyo si bahari, hilo ziwa," akasema Ami, na Ufini ingekufa hapo hapo kama binamu yetu wa Dar es Salaam asingetuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Madaktari wapya wa Ufini, kwenye sherehe yao kubwa ya kutunukiwa, huvaa kofia ndefu nyeusi na kufunga upanga kiunoni.

Ami alisimama. "Upanga wa kweli?"

"Wa kweli, lakini unajinunulia mwenyewe."

Suala la chumvi likasahaulika. Kwa saa nzima Ufini ilikuwa inaongoza, na Ami alikwisha kuanza kunipangia siku ya kushuka uwanja wa ndege na upanga wangu, mtoto wa kike, watu wapishe njia. Binamu hajui kuachia pazuri. Akaleta nyongeza: kabla ya sherehe panga hunolewa kwenye jiwe, na jiwe hulowanishwa kwa mvinyo.

"Mvinyo?"

"Wanalimwagia jiwe, Ami."

Akafikiri. "Basi wewe mwagia soda."

Kilichompunguza kasi ni jua. Desemba, Helsinki, jua huzama muda mfupi baada ya saa tisa mchana. Shangazi akafurahi, akasema hiyo ni nchi ya kufunga Ramadhani. Ami akamuuliza, je, Ramadhani ikiangukia Juni, ambapo jua la huko linazama karibu na saa tano usiku? Wakabishana juu ya futari ya Ulaya Kaskazini mpaka chai ikapoa. Mimi sikuulizwa kitu.

Ujerumani ilikuwa mkataba wa ajira wa miaka mitatu. Shangazi alitabasamu hata kabla sijamaliza sentensi. Kwenye mshahara ndipo palipokuwa na kazi ya kueleza: wanalipa daraja la E13, lakini asilimia 65 ya daraja hilo.

"Na kazi utafanya asilimia ngapi?" akauliza Ami.

"Mia, Ami."

Akacheka peke yake kwa muda. Ami ni karani mstaafu.

Binamu naye hakulala. Ikaja picha kutoka Göttingen, ambako daktari mpya hupanda kwenye chemchemi ya mjini akaibusu sanamu ya binti mchunga mabata. Nikasema mimi siendi Göttingen, naenda pwani, mji mwingine kabisa. Shangazi hakusikia. "Leo sanamu," alisema, "kesho je?" Yakafuata majedwali ya ubora wa vyuo duniani, yasiyokubaliana hata yenyewe kwa yenyewe. Niliyapita.

Kikao kikaahirishwa, nami nikafanya lile ambalo kila aliyewahi kusoma uzamivu aliniambia nifanye. Wasimamizi wote ni watu wazuri kwenye simu ya video. Unaozungumza nao ni wanafunzi wao, msimamizi akiwa hayupo. Niliwauliza swali moja tu: mara ya mwisho kuchukua likizo ni lini? Mmoja alitaja mwezi na mahali. Mmoja aliuliza, "Likizo ya nini?" Mmoja alinyamaza na kutoa macho mpaka nikadhani intaneti imekwama. Nani ni wa nchi gani, hayo tuyaache.

Siku niliyozungumza na profesa wa Ujerumani, Mama alipita nyuma yangu na gunia la mwani kichwani, maji yanamchuruzika mabegani, akidhani kamera haimwoni. Profesa akaomba amsalimie. Akamuuliza, mimi nikitafsiri, maji yakitoka ana saa ngapi za kufanya kazi kabla hayajarudi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: tukiweka kamba za majaribio, nani atazihudumia, na atalipwa nini kwa muda anaoacha shamba lake? Mama alitua gunia. Jibu lake lilichukua karibu nusu saa na lilitaja wanunuzi kadhaa kwa tabia zao.

Mwishoni profesa akatuonyesha picha ya pwani yao ya Bahari ya Kaskazini maji yakiwa yametoka: matope mpaka upeo wa macho, na watu wamevaa mabuti wanatembea katikati yake. Mama alisogeza uso hadi karibu na kioo.

"Kumbe hawa nao wana bamvua," alisema, akajitwika gunia lake. Kwa upande wake kikao kilikuwa kimefungwa, na kwa upande wangu pia, ingawa ilinibidi nimsubiri mwenyekiti atangaze.

Kukataa ndiko kulikokuwa kugumu. Barua ya kwenda Iowa niliiandika kama mposwa anayerudisha mahari: salamu, shukrani, sababu, radhi, salamu tena. Profesa alinijibu mistari miwili, hongera na tutaonana kwenye makongamano, na nafasi yangu ikaenda kwa mwingine siku hiyo hiyo.

Ami amekubali kwa sharti. Keshafika Mji Mkongwe, keshaulizia bei ya jambia kwenye duka la vitu vya kale, maana daktari wa ukoo wake hawezi kurudi mikono mitupu ati kwa sababu Wajerumani hawakuzoea upanga. Bei aliyotajiwa ni ya watalii. Anasema nilipe mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mshahara.

Nimemwambia nitalipa asilimia 65.