Ukuta Usiopatana na Sakafu

Kijivu ni rangi iliyopewa jina na jivu, kama vile kijani kilivyopewa jina na majani, zambarau na tunda la mzambarau, na manjano na kiungo cha mchuzi. Utaratibu huu wa Kiswahili wa kuazima majina ya rangi jikoni na shambani, ambao umezaa pia rangi ya ugoro, rangi ya maziwa na ile iitwayo damu ya mzee, huwasaidia wasemaji kuelewana karibu katika kila jambo isipokuwa moja, nalo ni kuchagua rangi ya ukuta. Kwa kuwa jivu la mkaa si jivu la kuni, na jivu la makumbi ya nazi halifanani na lolote kati ya hayo mawili, mume na mke wa nyumba moja waweza kukubaliana kwa dhati kwamba sakafu yao ni ya kijivu, wakaenda dukani pamoja, wakarudi na ndoo ya lita 20, kisha wakagundua, ukuta wa tatu ukiwa umeshapakwa, kwamba kila mmoja alikuwa na jivu lake kichwani.

Sakafu ya kijivu katika nyumba za Dar es Salaam ni ya aina mbili. Ya kwanza ni niru, yaani sakafu ya saruji ambayo fundi, kabla haijakauka, huinyunyizia saruji tupu isiyo na mchanga na kuisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Ya pili ni ya vigae, ambavyo wengi huviita marumaru ingawa marumaru halisi ni jiwe la kuchimbwa na vigae hivyo ni udongo uliochomwa kiwandani. Niru hupata ukijivu wake hasa kutokana na chuma kilichomo ndani ya saruji, na ndiyo maana saruji nyeupe hutengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo sana na kuuzwa ghali zaidi. Kigae hupata ukijivu wake kwa uamuzi wa mtu asiyejulikana, aliyeketi katika kiwanda cha mbali, ambaye hakuwahi kuulizwa wala kujiuliza ni kitu gani kitasimama juu ya kazi yake. Niru hulainika na kubadilika mwaka hadi mwaka kwa deki, kwa nyayo na kwa chai iliyomwagika. Kigae hakibadiliki, na katika mzozo wowote na ukuta, kigae ndicho kinachobaki na msimamo.

Chanzo cha mzozo wenyewe ni kwamba kijivu kitupu ni nadra kukipata. Karibu kila kijivu kimebeba chini yake rangi nyingine iliyojificha, ambayo kwa ajili ya makala haya itaitwa rangi fichu: kipo kijivu kinachoelekea buluu, kama wingu la masika, kipo kinachoelekea kijani, kama maji ya mtungi uliosahauliwa, na kipo kinachoelekea kahawia au waridi, kama manyoya ya njiwa. Macho hayaioni rangi fichu kwa sababu hayana pa kuilinganisha, lakini mtu akilaza sakafuni karatasi nyeupe ya daftari mchana, mlango ukiwa wazi, siri hutoka mara moja. Jaribio hili halihitaji fedha yoyote, humalizika kwa muda usiozidi dakika moja, na pengine ndiyo sababu hakuna anayelifanya kabla ya kununua rangi. Hufanywa baadaye, wakati wa kutafuta wa kumlaumu.

Hesabu ya kalenda ina utani wake. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds nchini Uingereza, alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland, kwa madai kwamba ikikauka hufanana na jiwe la ujenzi la kisiwa cha Portland, na hapo jina la saruji ya leo likapatikana. Mwaka huohuo wa 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliteuliwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma mazulia ya kutundikwa ukutani, na huko akakutana na malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda hicho ilikuwa imefifia. Chevreul alichunguza nyuzi, akakuta rangi nyeusi haina kosa. Kosa lilikuwa la majirani zake, yaani nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake na kuyahadaa macho. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kuhusu kanuni hiyo, inayosema kwamba rangi mbili zikiwekwa bega kwa bega kila moja huisukuma nyenzake kuelekea upande ulio kinyume na wake, na kwamba kijivu, kwa kuwa hakina nguvu ya kujitetea, ndicho kinachosukumwa kuliko rangi zote. Ukuta wa kijani huifanya sakafu ya kijivu ionekane na wekundu kidogo, na ukuta wa chungwa huivuta kuelekea buluu. Chevreul aliishi miaka 102, umri ambao kwa hakika ungemtosha kuona chumba kimoja kikipakwa rangi mpaka mwisho, fundi akiwa hajaaga kwenda msibani.

Kanuni hiyo inajulikana pia, bila ya kitabu, katika nyumba moja ya Tabata ambako sebule yenye vigae vya kijivu ilipakwa kijani chepesi cha parachichi, na asubuhi yake dada wa kazi akapiga deki mara mbili mfululizo kwa sababu sakafu ilikuwa imeingia uwaridi kama iliyomwagikiwa juisi ya rozela. Alibadilisha maji ya ndoo, akaongeza sabuni, akapiga magoti kusugua pembe ya karibu na ukuta ambako doa lilionekana kukolea zaidi, na maji aliyoyakamua kutoka kwenye dekio yakatoka safi kuliko yalivyoingia. Mama wa nyumba alimshuku dada, dada akawashuku watoto, na watoto, ambao siku hiyo pekee hawakuwa na hatia, wakaadhibiwa kwa jumla. Jioni mama mkwe aliwasili kutoka Morogoro, akasimama mlangoni na mkoba wake, akaitazama sakafu ya kijivu, akautazama ukuta wa kijani, kisha akauliza kwa upole mkubwa, "Mwanangu, hapa kadi zinachukuliwa dirisha gani?" Ni kweli kwamba kijani hafifu juu ya sakafu ya saruji ndicho kivazi cha zahanati nyingi, na mtu aliyewahi kusubiri sindano mbele ya ukuta wa namna hiyo haponi kirahisi.

Dukani nako kuna mitego yake, na mkubwa kuliko yote ni taa. Rangi huchaguliwa kwenye kadi, yaani karatasi ngumu yenye vibandiko vidogo vya rangi visivyozidi ukubwa wa stempu, chini ya taa nyeupe kali ambazo rangi ya mwanga wake hupimwa kwa kipimo cha kelvini na hufika 6500, huku nyumbani ikiwa inasubiri balbu ya manjano ya 2700 ambayo mwenye nyumba aliinunua kwa sababu inapendeza wakati wa chakula. Kibandiko kilichokuwa rangi ya maziwa dukani hugeuka samli nyumbani. Isitoshe, rangi ikitandazwa ukuta mzima hukolea kuliko ilivyokuwa kwenye kibandiko, kwa kuwa kuta nne zinazotazamana hurudishiana mwanga na kutiana ujasiri, kama wanakijiji kwenye kikao cha kumjadili mtu asiyekuwepo. Mwembe ulio nje ya dirisha huingiza kijani chake bila kualikwa, na uwanja wa udongo mwekundu hurusha wekundu hadi kwenye dari.

Ushauri ulioandikwa Ulaya huongeza tatizo hapa. Huko husemwa kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga baridi usiopata jua, hivyo kipakwe rangi ya joto. Na ni kweli kwa London. Dar es Salaam, ambayo iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hupitiwa na jua la adhuhuri upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba, kwa hiyo msomaji wa majarida ya nje anayepaka chumba chake cha kaskazini rangi ya chungwa ili kukipasha joto hufanikiwa kupita alivyokusudia, na ifikapo Julai saa saba mchana familia yote huhamia barazani.

Akishaingia fundi, mambo huwa yametoka mikononi mwa sayansi. Fundi rangi ni mtu mwenye adabu na imani, na imani yake kuu ameiweka katika kauli moja: "Mama, hii bado mbichi, ikikauka itatulia." Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, kwa maana rangi ya maji, ile inayozimuliwa kwa maji na kupakwa kuta za ndani, kwa kawaida hubadilika ikikauka, lakini hubadilika kwa kukolea kidogo, na kutulia hakumo katika tabia zake. Hatari zaidi ni pale anapochanganya mwenyewe kwa kipimo cha macho, akikoroga ndoo kwa kipande cha ubao na kuongeza rangi kali ya kukolezea tone kwa tone, kwa sababu ukuta wa nne humkuta ndoo ikiwa tupu, na mchanganyiko wa pili huwa ndugu wa ule wa kwanza kwa baba tu. Kwenye sebule nyingi mpaka kati ya michanganyiko hiyo miwili hufichwa nyuma ya kabati la vyombo, na ndiyo maana kabati hilo halihamishwi hata nyumba ikiwa inafanyiwa usafi wa Idi.

Suala la kiasi linahitaji hesabu, ambayo kwa bahati mbaya huachiwa anayelipwa kwa siku. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kuta za mita 3 kina mita za mraba 54 za ukuta, na baada ya kutoa mlango na madirisha hubaki kama 45. Lita moja ikipaka takriban mita 10 kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja, mikono miwili itahitaji lita 9. Fundi husema ndoo mbili. Zinaponunuliwa lita 40 kwa kazi ya lita 9, rangi hutafuta pa kwenda: huanza na korido, huingia jikoni, hupanda kwenye shina la mnazi, na hatimaye hufika kwenye banda la kuku, hivi kwamba mwenye nyumba aliyekosea sebule pekee huamka akiwa amekosea eneo zima.

Wazee wa Lamu na Unguja hawakuwa na usumbufu huu, kwani walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakapaka chokaa, na mjadala ukafungwa. Weupe wa chokaa una umanjano kidogo unaopatana na niru bila kuuliza, na hukumu ya makala haya ni kwamba mwenye niru angefanya vyema kuuiga: nyeupe isiyo kali, au rangi ya ugoro uliochanganywa na maziwa, au rangi ya chungu cha udongo kwa ukuta mmoja tu. Mwenye vigae vyenye rangi fichu ya buluu na ajiepushe na krimu, kwa maana juu ya sakafu hiyo krimu hufanana na meno ya mvutaji. Kijivu juu ya kijivu kinapendwa sana siku hizi, na kwa mbali hupendeza; kwa karibu mtu hujiona yumo ndani ya tangi la maji lililokamilika, akisubiri wafungue bomba. Nyekundu iliyokolea ina heshima zake, ila ikikaa upande wa barabara watoto wa jirani watakuja kuulizia vocha. Samawati, kwa vigae vya buluu na kwa niru pia, ni ya wanaouza samaki wa barafu. Na iwe rangi iwayo, skatingi, yaani ule ukanda wa vigae au mbao unaopita chini ya ukuta, ikiwa nyeupe husimama katikati ya wagomvi na kupunguza maneno.

Msomaji anayejiandaa kwenda dukani aombwa basi jambo moja: abebe kipande cha sakafu yake, akiweke kando ya kadi, kisha atoke navyo vyote viwili nje ya mlango wa duka na kuvitazama juani, hata muuzaji akimtolea macho. Mwenye niru, asiyeweza kubeba sakafu, anunue lita moja kwanza, aipake kwenye ubavu wa boksi kubwa, na aliegemeze boksi hilo ukutani asubuhi, mchana na baada ya kuwasha taa. Kwa mwenye vigae kisingizio hakuna, kwani kipande kilichobaki wakati wa ujenzi hakijapotea. Kiko uani, kimefunika mtungi wa maji.