Pango la Noeli na Bafu la Bibi

Noeli ya Songea huja na matope. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ikishashika, kati ya Novemba na Desemba, kuachia ni Aprili. Wakati Dar es Salaam wanatafuta kivuli, sisi tunatafuta pa kuanika soksi ndani ya nyumba. Mahindi ndiyo kwanza yanachipua, wanaume wakikutana wanaulizana habari za mbolea kabla ya habari za watoto, na akina mama wanapita mitaani na mabeseni ya masuku, maembe na uyoga wa porini. Katika majira hayo, ambamo hakuna kitu kinachokauka, ndipo wanangu walipoamua kujenga pango.

Makanisani pango ni jambo la kila mwaka. Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitoka Ujerumani, na huko pango la Noeli ni la kanisani na la sebuleni pia. Mtoto wa Kikatoliki wa hapa mjini hukua akijua kwamba Desemba pembeni mwa altare kutasimama kibanda cha nyasi na matawi ya paina, na ndani yake Maria, Yosefu, wachungaji na hori. Desturi yenyewe inahesabiwa kuanzia kwa Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, kijijini Greccio. Yeye alileta ng'ombe na punda wazima wazima na nyasi za kutosha. Ila Fransisko hakuwa na mama mkwe mwenye bafu la mabua.

Mjini ziko seti za plastiki. Yosefu wa humo ana mashavu mekundu kama aliyepigwa na baridi ya Julai, na kondoo wote wamegeuza shingo upande mmoja. Sikuzipenda, na si kwa sababu ya bei peke yake, ingawa bei nayo ilisema neno. Watoto hawakuziomba. Kifungua mimba, aliye darasa la tano na katika Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, alitangaza mezani kuwa la kwetu litatengenezwa kwa mikono. Wa kati, bingwa wa magari ya mabua mtaa mzima, alikuwa ameshaondoka kutafuta vifaa. Kitinda mimba alikubali kwa sharti moja: Mtoto Yesu atakuwa wake.

Udongo ulitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Mchwa huupandisha kutoka chini, wanaugandisha kwa mate, unakuwa laini usio na changarawe. Wafyatua tofali wa huku wanaujua vizuri. Bibi, yaani mama mkwe wangu, aliuminya kidogo kati ya vidole, akasema, "Sageni kigae cha chungu mchanganye. Udongo mtupu utapasuka." Baba watoto anafundisha fizikia sekondari. Alimsikiliza mama yake kwa heshima zote, kisha akaendelea na udongo mtupu.

Wachungaji walitoka wanene, wafalme wanene zaidi, kila mmoja na taji lake la vizibo vya soda. Juani hawakukauka, kwa kuwa jua halikuwepo. Mwalimu wa fizikia akaona awaharakishe: akawapanga kwenye jiko la mkaa, pembeni mwa sufuria ya maharage, makaa yakiwa mekundu. Sanamu nene ikikauka kwa nje, ndani bado ina maji. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unajitengenezea njia. Maelezo hayo alitupa yeye mwenyewe, kwa ufasaha mkubwa, baada ya Mfalme wa Manemane kulipuka na kichwa chake kuingia kwenye maharage.

Kitinda mimba alilia. Kifungua mimba akauliza tutafanyaje na wafalme wawili. Baba yake akafuta majivu kwenye shati, akachukua Biblia, akamwonyesha: Mathayo anasema mamajusi, anataja dhahabu, uvumba na manemane, lakini hasemi walikuwa wangapi. Niliishiwa maneno. Yule mwanamume hata akilipua jikoni hatoki bila utetezi.

Biblia ilipokuwa wazi hivyo, ikaleta kesi nyingine. Wa kati hakuwa ametengeneza punda. Punda hapa kwetu hawaonekani, alikuwa hajawahi kumgusa hata mmoja, na alisema hawezi kufinyanga mnyama kwa kusimuliwa. Badala yake alileta yeboyebo, pikipiki safi ya mabua: magurudumu ya vifuniko vya ndoo ndogo, usukani wa waya, hadi kioo cha pembeni cha karatasi ya sigara. Yosefu akiwa mbele, Maria nyuma, na mzigo wa nguo katikati. Dada yake alikasirika, akasema hiyo ni kufuru na pia ni mshikaki. Akaifungua Luka sura ya pili kumwonyesha punda. Akasoma. Akarudia. Akafunga kitabu taratibu, maana hakuna punda pale. Wala ng'ombe hayupo. Wale wawili watu waliwatoa kwa nabii Isaya wakawaweka horini. Yeboyebo ikapita.

Maria na Yosefu hawakuwa wa udongo. Walikuwa wa magunzi, waliovikwa vipande vya vitenge tulivyookota chini ya cherehani ya fundi wa mtaani. Mtoto Yesu alikuwa gunzi dogo kuliko yote, bado lina punje mbili tatu, limeviringishwa kitambaa cheupe. Kitinda mimba alimlaza horini, akamtazama, akaingia ndani. Alirudi na kipande cha chandarua.

Kilikuwa cha dada yake, kile alichokuja nacho kutoka shuleni. Mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianza mwaka 2013 kwa mikoa mitatu, Ruvuma, Lindi na Mtwara, na watoto wetu wamekua wakiimbiwa kwamba wa kwanza kulala ndani yake ni mtoto mchanga na mjamzito. Sasa kitinda mimba alikuwa na mtoto mchanga, na mama wa mtoto huyo amejifungua usiku, kwenye zizi, msimu wa mvua. Nilikuwa nimeinua mkono kumchapa kwa kuharibu chandarua kizima. Nikaushusha. Ungemwambia nini?

Ya bafu yalijulikana asubuhi ya tarehe 24.

Bibi ana chumba chake ndani na bafu la ndani lipo, lakini yeye huoga nje. Ana uwanja wake nyuma ya nyumba, mawe ya kusimamia, na ukuta wa mabua anaoubadilisha kila mwaka baada ya mavuno. Anachemsha maji, anajifungia na kanga, anaimba nyimbo za kwaya ya zamani. Asubuhi hiyo alikuwa amejipaka sabuni hadi masikioni aliposikia sauti ya adabu: "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Wazima nyumbani?" Wakajuliana hali vizuri tu, mpaka Bibi alipofumbua macho kujiuliza kijana wa jirani, aliye barabarani, amemwonaje.

Desemba mabua hayapatikani. Ya mashambani yameshaliwa na ng'ombe, mchwa na moto wa kuandaa shamba. Yaliyobaki mazima mtaani kwetu yalikuwa ukuta wa Bibi, na wa kati alikuwa amechukua upande mmoja tu, ule unaotazama barabara, kwa sababu ndio uliokuwa mkavu. Pango letu lote, kuta na paa, lilikuwa bafu.

Nilijiandaa kwa vita. Bibi alikuja barazani na kanga mbili na povu shingoni, akasimama mbele ya pango. Yule mvulana kwake ni "mume wangu" tangu alipozaliwa. "Mume wangu," akamwambia, "miaka yote hii babu yako hakuwahi kunivua nguo hadharani. Wewe umeweza." Mvulana akaangalia vidole vya miguu. Bibi akainama, akashika nguzo ya pango, akaitikisa. "Na kamba hujaikaza. Lete hapa." Akaifunga upya yeye mwenyewe, povu likimkaukia.

Jioni mvua ilikatika ghafla. Baba watoto alikuwa ametundika balbu juu ya pango, iwe nyota. Kabla hatujamaliza kuvaa kwenda misa ya mkesha, kile kichuguu cha nyuma ya jiko, tulichokuwa tumekichimba pembeni kupata wafalme, kikafunguka. Kumbikumbi walitoka kwa wingi, wakazunguka nyumba, wakaikuta nyota. Walijaa kwenye baraza hadi ukifungua mdomo unao. Walidondosha mabawa juu ya kila kitu, na kwa kuwa udongo wa wachungaji ulikuwa bado mbichi, mabawa yakanasa. Mchungaji mmoja akawa na manyoya mgongo mzima.

Kuku walikuwa hawajalala. Walikuja mbio, mabawa wazi, jogoo mbele. Alirukia paa la pango, paa likakubali uzito wake kwa muda mfupi, kisha likashuka naye. Mtetea mmoja akaona lile gunzi lenye punje horini, akalichokoa, akanasa mdomo kwenye chandarua, akapiga kelele na kukimbia. Kitinda mimba akasimama katikati ya vurugu, mikono kiunoni, akatutazama mmoja mmoja. Hakusema kitu. Hakuwa na haja.

Na watoto wa majirani hao, na mabakuli. Kumbikumbi hawana mwenyewe. Wakitoka kwenu, wametoka mtaani. Bibi akazima balbu, akaweka taa ya chemli juu ya beseni la maji katikati ya uwanja, wadudu wakahamia huko. Mkesha tulifika Utukufu umeshaimbwa, mama mkwe wangu ananukia kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi bila mafuta, mfuko wa wengine kwenye pochi yake kwa ajili ya dada wa kwaya. Mabawa hayakupotea. Malaika wetu wa kwanza, wa karatasi, alikuwa amelowa na kulegea. Kifungua mimba akamtengeneza mwingine kwa gunzi, akambandika mabawa ya kumbikumbi kwa ugali, safu juu ya safu. Ukimsogeza kwenye mwanga unaona mishipa yake, rangi ya chai ya rangi. Sijaona malaika mzuri kama yule, hata kwenye vioo vya kanisa.

Baada ya Noeli zamu ya sala ya jumuiya ndogo ndogo ilikuwa kwetu. Niliwaza kulifunika pango na shuka, lakini watu walikuwa wameshaingia uani. Wakasali, wakaimba, kisha mwenyekiti, mzee asiyecheka hovyo, akavuta kiti karibu na Bethlehemu yetu iliyoshikizwa na mti wa ufagio. Alitazama chandarua. Alitazama wafalme wawili. Alikaa muda mrefu kwenye yeboyebo.

"Huyu dereva," akauliza, "mbona hana helmeti?"

Kesho yake asubuhi wa kati alipasua mayai jikoni kwa uangalifu wa daktari, akitafuta nusu ganda la kumtosha Yosefu, jingine la abiria wake. Tukanywa chai kwa mayai mengi kuliko bajeti. Alipofika kwa Mtoto Yesu, Bibi akamzuia mkono. "Mtoto mchanga havai helmeti, mume wangu. Kamalize ukuta wangu kwanza."